Vitu vitano vya Ijumaa: anza na kanga ya mama yako

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya ubunifu hapa Mwanza. Tunachora nembo, vifungashio na mabango. Kila Ijumaa ni jukumu langu kuwaletea wenzangu vitu vitano vilivyonivutia wiki hiyo: usanifu, mavazi, utamaduni, chochote kile. Wiki za mwanzo ilinoga. Sasa ni mwezi wa tatu, na kila nikifungua simu naona yaleyale: kiti cha mbao nyeupe, chumba cheupe, kikombe cha udongo cha Japani, herufi nene za rangi ya chungwa. Wenzangu wanatazama, wanasema "safi", wanarudi kazini. Nikitaka kuleta vya kwetu naogopa vitaonekana kama vya duka la watalii. Nitafute wapi, na nitafuteje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno lililonikaa ni hilo "safi". Mtu akisema "safi" kisha akarudi kwenye kazi yake, hukumpa pa kushika. Umemwonyesha picha ya kiti. Hajui ni mti gani, nani alikiranda, kinauzwaje, wala mgongo unaumaje ukikikalia saa nzima. Vitu ulivyovitaja vinafanana kwa sababu vyote vimefika kwako vikiwa vimevuliwa mambo hayo. Kilichobaki ni sura, na sura peke yake huchosha upesi.

Kwa hiyo sitakupa majina ya kurasa za kupekua. Nitakupa swali moja la kwenda nalo mbele ya kila kitu: aliyekitengeneza alibanwa na nini? Upana wa kitambaa, bei ya rangi, joto la chumba, mwendo wa mvaaji, ukubwa wa ubao uliopo dukani. Mimi naamini uzuri mwingi wa vitu tunavyovipenda unatoka hapo, pale mtu alipobanwa akatafuta njia. Ukiijua ile shida, utaona kwa nini kitu kina umbo lile, na wenzako watakuwa na la kuuliza.

Nianze na kanga, maana ndiyo niliyoishi nayo. Nimechora kanga kiwandani miaka mingi kabla sijaanza kufundisha.

Chukua kanga ya mama yako, itandaze mezani. Usiipige picha kwanza. Ipime. Utapata karibu mita moja na nusu kwa mita moja na ushee. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na ndani ya mji, kuelekea chini, kuna jina, yaani yale maneno ya kanga. Sasa angalia pindo linavyogeuka kwenye kona, maana hapo ndipo mchoraji anapojulikana. Aliyekuwa na haraka ameacha pindo la juu ligongane na la ubavuni, mchoro wa korosho nusu huku, nusu kule. Aliyetulia ameweka kitu kinachojitegemea kwenye kona, ua au mraba, kama nguzo ya nyumba, mapindo mawili yakaegemea pale. Na aliye fundi hasa amehesabu marudio ya mchoro mpaka upande mrefu na upande mfupi vimekutana bila kukatwa hata jani moja. Kazi hiyo ya mwisho ni hesabu tupu, na mnunuzi haioni. Anaona tu kwamba kanga hii imetulia kuliko ile.

Halafu jina. Mwaka wangu wa kwanza nilichora kanga nikaliweka jina chini kabisa, karibu liguse pindo, kwa kuwa kwenye karatasi lilipendeza pale. Mama mmoja wa ukaguzi aliichukua kanga ya majaribio, akajitanda kichwani, akanipa mgongo, akatembea mpaka dirishani. Jina lilikuwa limeshuka mapajani, na kila akipiga hatua kitambaa kinakunjika, herufi mbili tatu zinamezwa. Hakusema neno. Akaivua, akajitanda kanga yake aliyokuja nayo kazini, akatembea tena. Jina likakaa nyongani, mahali ambapo kitambaa kimenyooka, unalisoma ukiwa hatua kumi nyuma yake. Nilirudi mezani nikalipandisha. Tangu siku hiyo sijaweka herufi juu ya kitu bila kujiuliza kitu hicho kitakuwa katika hali gani kikisomwa. Wewe unachora vifungashio. Mfuko wa unga wa kilo mbili ukijaa, unavimba tumboni na kujikunja mabegani. Lile jina ulilolipanga vizuri kwenye skrini linaenda wapi?

Usiishie kwenye mahali lilipo, sikiliza na jina lenyewe. Kuna kanga ambayo pengine imepita kwenye kila nyumba nchini: WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU. Hesabu mizani: saba, kisha nane. Dhahabu na thawabu vinafunga vina. Mchoraji alipewa mstari mmoja, herufi kubwa, bila nukta wala mkato, na ndani ya mstari huo ameweka shairi ambalo mtoto wa darasa la pili anaweza kulisoma, na mama mkwe akalielewa vingine. Ninyi mnaoandika maneno ya matangazo mna mwalimu hapo, na anauzwa sokoni kwa doti.

Na kanga yenyewe ilizaliwa kwa kubanwa. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja vikiwa bado vimeungana, havijakatwa moja moja. Wareno walikiita kitambaa hicho *lenço*, na ndiyo maana Mombasa na Lamu mpaka leo watu husema leso. Kitambaa kimoja hakifuniki mtu. Wakakata vipande vya vitambaa vitatu vitatu, wakaviunga viwili kwa kushona, vikawa sita, nguo moja. Hiyo ndiyo leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanahangaika na sindano, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Husemwa kwamba zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kama ya ndege kanga, jina likatokea hapo. Maneno yaliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi humtaja Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887 na kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazozitumia. Basi ukiitazama kanga unatazama ubunifu wa wanawake waliokuwa na mkasi na uzi, ambao viwanda vya Ulaya, India na Japani vilikuja kuufuata. Nakuomba ulitaje hilo mbele ya wenzako, kwa sababu mara nyingi tunafundishwa kwamba ubunifu ulitoka kiwandani ukaja kwetu.

Kama utapata doti ya kisutu, iongeze. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Kanga ya bibi harusi. Rangi hizo chache zimedumu kizazi baada ya kizazi na bado zinauzwa leo. Ukiiweka ukutani ofisini, mabango yote yaliyo jirani yake yatapauka.

Kanga imenichukua. Twende nje.

Kwenye soko lolote la Mwanza utakuta katambuga, viatu vya matairi. Nunua jozi moja. Geuza soli: kashata za tairi zilizobaki ndizo zinazozuia kuteleza, na mpindo wa asili wa tairi ndio umeupa unyayo umbo. Fundi hakuupinda mpira, aliuchagua mahali ulipokwisha kupinda. Pembeni yake chukua jiko la mkaa, lile la bati lenye udongo ndani, nyembamba kiunoni. Lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likitokana na jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa juakali wa Nairobi wakalipa umbo wanaloweza kulikata kwa mkono. Udongo uko nusu ya juu tu, mahali mkaa unapokaa. Chini limetanuka ili lisipinduke ugali ukisongwa. Kila kona ya jiko hilo ina sababu. Vitu hivi viwili huenda bei yake ni ndogo kuliko kifurushi cha data unachomaliza kutafuta picha kwa mwezi.

Kwa kuwa uko Mwanza, kuna mahali ambapo nakuonea wivu. Shika barabara ya Musoma, kama kilomita 20 hivi, ufike Bujora, karibu na Kisesa. Makumbusho ya Wasukuma yaliasisiwa na Padre David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Humo kuna ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, na banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kaa mbele yake na penseli. Mtu alichukua kitu cha kukalia, akakikuza mpaka kikawa nyumba, na bado unakitambua. Ninyi mnaochora nembo mnapambana na jambo hilohilo kwa upande wa pili, mnachukua nyumba mnaipunguza mpaka iwe alama. Ukichora banda lile mara tano, kila mara ukipunguza mistari, utajua ni mistari gani inayolibeba.

Ukiweza, nenda mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, hushindana kwa namna ambayo mtu wa matangazo anapaswa kuiona japo mara moja maishani. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Fikiria kubanwa kwa namna hiyo. Huwezi kusubiri mwenzako amalize. Watu wana miguu, wakichoka nawe wanahamia kule. Ndiyo maana kuna wenye majembe yanayorushwa hewani na kudakwa kwa mpigo wa ngoma, kuna wanaotoka na chatu hai, kuna mavazi ambayo kutoka mbali huyaelewi, mpaka usogee. Hapo penye "mpaka usogee" simama uandike. Bango lako la barabarani lina kazi hiyohiyo, nalo halina hata chatu.

Sasa usidhani nakukataza vya mbali. Nakukataza vilivyokuja bila habari zake. Kitenge kwa mfano: kila mtu anajua ni cha Kiafrika. Lakini nta inayozuia rangi isishike, na ile mishipa myembamba ya rangi inayopita kwenye mchoro ni habari ya Java, katika Indonesia ya leo, ambako batiki huchorwa kwa mkono. Waholanzi waliiga kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianza mwaka 1846. Husimuliwa kwamba watu wa Java hawakuipenda ile mishipa, kwao ilikuwa kasoro ya nta iliyopasuka. Afrika Magharibi waliipenda kasoro hiyohiyo, kwa sababu kila yadi ilitoka tofauti na jirani yake. Wakakipa kila kitenge jina na maana yake, na huko Lomé, Togo, wanawake wafanyabiashara wa vitenge walitajirika mpaka wakaitwa Nana Benz, kwa ajili ya magari waliyoendesha. Sasa hebu waulize wenzako Ijumaa: kitenge ni cha nani? Watakaa hapo nusu saa.

Na kama unataka jengo, achana na chumba cheupe, peleka shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso. Msanifu majengo Francis Kéré aliichora akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, kwa ajili ya kijiji alichozaliwa, na ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Lakini acha tuzo, tazama paa. Wewe umesoma chini ya bati, najua. Saa saba mchana bati linapumua moto kichwani, na mvua ikinyesha mwalimu anaacha kufundisha. Kéré hakulikataa bati, kwa sababu ndilo linalopatikana. Alilinyanyua. Chini akaweka dari ya matofali yenye matundu, juu yake akaacha nafasi kubwa, kisha bati likakaa juu ya fremu ya nondo nyembamba zilizochomelewa na vijana wa kijijini. Hewa ya moto inapanda kupitia matunduni na kuondoka. Bati linapata joto peke yake huko juu. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, na wanakijiji ndio waliojenga. Ukiichora paa hiyo kwa mistari sita kwenye ubao, kila mtu ofisini ataielewa, hata anayeshughulikia hesabu. Picha yenyewe waonyeshe baadaye.

Nirudi kwenye hofu yako ya duka la watalii, kwa sababu ni hofu ya haki na wengi wanaogopa kuisema.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alikuwa na mbao za dari na rangi ya mafuta inayong'aa, ileile ya kupakia baiskeli. Picha nyingi za mwanzo ni za mraba, kama futi mbili kwa mbili. Piga hesabu: ubao wa futi nne kwa nane unakupa vipande vinane, na hakuna kinachobaki. Rangi ile inakauka ikiwa na mng'ao na haipendi kuchanganywachanganywa, hivyo chui wake ana mpaka mkali, madoa yamesimama, na nyuma ni rangi moja. Mtindo mzima umetoka kwenye ubao na kopo. Na picha hizo aliziuza Oysterbay, nje ya duka ambalo wageni walikuja kununua mahitaji. Ndiyo, aliwauzia wageni tangu siku ya kwanza. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne hivi tu, na vijana aliowafundisha wakaendelea. Baadaye ubao ukaachwa, ikaja turubai, kwa sababu turubai inakunjwa ikaingia kwenye sanduku la safari.

Kwa hiyo kuuzwa kwa mtalii hakukiharibu kitu. Kinachokiharibu ni kumpoteza aliyekitengeneza: twiga hamsini wanaofanana, hakuna jina la aliyechora, na muuzaji akiulizwa anasema "ni utamaduni". Ukileta picha ya Tingatinga ofisini ukasema nani ameichora, ameichorea wapi, na kwa nini shingo ya twiga imepinda namna ile kuingia ndani ya mraba, hakuna atakayefikiria duka la watalii. Ukileta kanga kwa kuwa tu "ni ya kwetu", watafikiria hivyo, na watakuwa sahihi.

Upande wa kazi yenyewe, ningekushauri upunguze. Vitano kwa wiki ni vingi mno kwa mtu mmoja mwenye kazi nyingine. Ndivyo vinavyokurudisha kwenye simu Alhamisi usiku. Omba viwe viwili au vitatu, na kimoja lazima kiwe kitu cha kushikwa, kipite mkono kwa mkono mezani. Chini ya kila kimoja andika mtengenezaji, malighafi, bei, mahali ulipokipata, na kile kilichombana. Kama hujui la mwisho, rudi ukaulize. Mafundi wanapenda kuulizwa kuhusu kazi yao. Hawapendi kupigwa picha kimyakimya kutoka ng'ambo ya barabara. Salimia, nunua kitu, ndipo utoe simu, na muulize jina lake kama atapenda litajwe.

Jambo moja zaidi nalisema kwa uzito. Ukimaliza kuonyesha, mwenzako mmoja atataka kulichukua pindo lile kama lilivyo alibandike kwenye nembo ya mteja. Mzuie. Aliyelichora yupo au alikuwepo, hata kama kanga haikuandika jina lake. Mimi nimekutana na mapindo yangu mwenyewe kwenye makasha ya vitu nisivyovijua, yamekatwa katikati, korosho nusu nusu, na najua inavyouma. Achukue ile hesabu ya kona, achore yake.

Ijumaa hii ningekuwa wewe ningebeba kanga moja tu, na kalamu. Ningemwomba dada mmoja wa ofisini ajitande, atembee mpaka dirishani na kurudi, wengine wakae nyuma yake wasome. Kisha ningeleta ule mfuko wa unga, uliojaa. Na ukipata nafasi nitumie picha ya kona ya pindo la kanga ya mama yako, pamoja na jina la kanga hiyo. Msalimie sana mama.